Nadhiri ya Mama Mkwe

Mimi ni Mlutheri, na sisi Walutheri hatuna habari za kutembea siku tatu kwenye matope kwenda kusali mbele ya sanamu. Nalisema hili mwanzoni ili mtu asije akadhani nilikwenda hija kwa imani. Nilikwenda kwa sababu mke wangu aliniomba. Aliponiomba mara ya kwanza nilikataa, mara ya pili nikajifanya sijasikia, na mara ya tatu hakuomba tena, alilia tu huku akimnyonyesha mtoto. Naweza kubishana na watu wengi kijijini kwetu Songambele, wanunuzi wa kahawa wakiwemo, lakini mwanamke anayelia na kunyonyesha kwa wakati mmoja simuwezi. Nikakubali kwa shingo upande.

Jambo lenyewe lilikuwa la mama yake. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, mambo yaliharibika hospitalini. Mke wangu alivuja damu mpaka midomo ikawa myeupe, na mtoto akatoka kimya, hana hata kilio. Mimi nilikuwa koridoni nimekumbatia beseni la nguo, sijui la kufanya. Mama mkwe alikuwa nje kwenye nyasi pamoja na wanawake wengine, na hapo hapo kwenye nyasi akaweka nadhiri. Mungu akimrudishia hao wawili, atakwenda kwa miguu yake mwenyewe kutoka nyumbani kwake Isingiro hadi kwenye groto, lile pango lenye sanamu ya Bikira Maria kilimani ukishapita Omurushaka. Asingepanda basi wala pikipiki, na asingebebwa na mtu. Wote wawili wakapona. Mtoto yule sasa yuko darasa la pili na anawasumbua walimu.

Nadhiri ikabaki bila kutimizwa. Kwanza baba mkwe aliugua, akauguzwa muda mrefu, akafa, na mjane hawezi kutoka tu hivi hivi matanga yakiwa bado mabichi. Halafu ukaja ule ugonjwa wa barakoa, watu wakaogopa kukusanyika. Halafu goti lake la kulia likaanza kumsumbua. Mwaka huu, wakati wa kiangazi, aliugua homa mpaka akaagana na watu, na alipopata nafuu akamwita binti yake, akamwambia, "Nikifa sijaenda, deni hili utadaiwa wewe. Nililiweka kwa ajili yako." Mke wangu alirudi nyumbani siku hiyo na tangu hapo usingizi ukamruka. Nilikuwa nikiamka namkuta amekaa kitandani, anamgusa mtoto mdogo kifuani kuona kama anapumua. Nilimwambia Mungu si mkopeshaji wa namna hiyo. Akaniambia mimi sielewi, na kweli nilikuwa sielewi.

Yeye mwenyewe asingeweza kumsindikiza mama yake, kwa ajili ya kichanga. Kaka zake wako Mwanza na simu zao huwa hazipokelewi ikiwa anayepiga ni ndugu. Nikabaki mimi, mkwe. Hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Kwetu, mwanamume na mama wa mkewe hawazoeani. Vijana wa mjini Kayanga siku hizi wanapiga picha na mama wakwe zao wamekumbatiana wanacheka, na sina ugomvi nao, lakini mama mkwe wangu ni mtu wa kizamani, na mimi nimelelewa na watu wa kizamani. Sijawahi kumpa mkono. Sijawahi kula akiwa ananitazama, wala yeye mbele yangu. Tukikutana njiani, mmoja anaingia kwenye migomba mpaka mwingine apite. Nikifika kwake namwamkia shikamoo nikiwa nimegeukia pembeni, naye anaitikia huku amejifunika kitenge mpaka kwenye nyusi. Akitaka kuniambia kitu, anamwambia mtu mwingine nikiwa nasikia. Huu wote ni upendo, ingawa mtu wa mbali anaweza kufikiri tumegombana. Kwa miaka yote ya ndoa yangu, uso wake nilikuwa naufahamu kwa picha ya harusi tu.

Hija ya parokia yao kwa kawaida hufanyika kiangazi. Safari hii paroko alihamishwa, mpya akachelewa kuripoti, siku zikasogezwa na kusogezwa mpaka zikaangukia mwezi wa Novemba. Mkulima yeyote wa wilaya yetu ya Kyerwa angewaambia mvua ya Novemba huwaje. Nilimwambia mke wangu, akasema mvua haijaua mtu. Nikafunga shati moja, kanzu ya kulalia, Biblia yangu na mabuti ya mpira, nikapanda pikipiki kwenda Isingiro.

Tulianza asubuhi baada ya misa, kundi kubwa la wanawake na wanaume wachache, katekista mbele na msalaba wa mti. Nyuma kulikuwa na pikapu ya parokia iliyobeba mizigo na masufuria, na ambayo, kama katekista alivyotangaza, ingewachukua watakaozidiwa. Mama mkwe aliposikia hilo la kuzidiwa akavuta kitenge chake kama ambaye ametukanwa. Alikuwa amevaa viatu vya plastiki, yeboyebo za rangi ya bluu, fimbo mkononi, rozari shingoni. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kuliko wangu.

Tulikuwa tumepanga vizuri. Jirani yake, mjane ambaye wazazi wake walitoka Burundi na yeye akazaliwa hapo hapo Isingiro, ndiye alikuwa katikati yetu. Mimi natangulia hatua kadhaa, yeye anafuata, na mama mkwe nyuma yake. Ujumbe ulikuwa unapitia kwa yule mjane. Mama mkwe anasema, "Mwambieni mkwe asikimbie, hatufukuzwi." Mjane ananiambia, "Unaambiwa usikimbie, hamfukuzwi." Mimi nasema, "Mwambie mama nimesikia." Nilikuwa nimeshasikia tangu kwa mwenyewe, lakini adabu ni adabu. Yule mjane alikuwa na maneno mengi, na kila ujumbe uliopita kwake ulifika ukiwa umenenepa. Mama mkwe akisema amechoka kidogo, mimi nilikuwa naambiwa amechoka kidogo, na kwamba mume wa kwanza wa dada wa huyo mjane naye alianza hivyo hivyo kuchoka.

Mvua ilitukuta kabla hatujafika mbali. Ilianza kama mzaha, halafu ikaacha mzaha. Barabara ya udongo mwekundu ikawa utelezi mtupu, mabuti yangu yakabeba matope mpaka kila mguu ukawa na uzito wa jembe. Wanawake waliendelea kusali rozari kwa sauti, Salamu Maria baada ya Salamu Maria, na mimi nilikuwa nasema ya kwangu moyoni, ambayo hayakuwa sala. Nilimlaumu paroko aliyehamishwa, nikamlaumu aliyekuja, nikalaumu barabara. Jioni tulilala kwenye kanisa la kigango, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, nguo zetu zikinuka moshi wa kuni mbichi. Nilitumiwa sahani ya ndizi na maharage, nikala nimeugeukia ukuta.

Siku ya pili yule mjane aliamka ana homa na tumbo la kuhara. Katekista alimpandisha kwenye pikapu hata kabla hatujaondoka, naye akakubali haraka sana, maana yeye hakuwa na nadhiri. Hivyo tukabaki wawili bila mtu wa katikati. Sikuwa na wa kupelekea neno wala yeye hakuwa naye. Nikaona suluhisho ni moja, nitangulie kama jana na nisigeuke. Kumgeukia mama mkwe njiani na kumtazama anavyochechemea kwenye matope, sketi imemganda miguuni, ni kumvunjia heshima. Nikaamua nitamwangalia kwa masikio.

Na masikio yalifanya kazi. Yeboyebo zikiingia maji zina mlio wake, chwap, chwap, na huo mlio nilikuwa naubeba nyuma yangu asubuhi nzima. Ukipungua kasi, nami napunguza. Ukisimama, nasimama, najifanya natoa matope kwenye buti. Nilijiona mkwe mwema kuliko wote katika wilaya mbili. Ikaja mvua ya mawe, barafu ndogo ndogo zikitupiga kichwani na kwenye majani ya migomba kwa kelele kiasi kwamba hata rozari ilinyamaza, watu wakavuta nguo vichwani na kukaza mwendo. Mlio ulikuwa bado nyuma yangu. Tuliteremka bonde, tukapanda, tukapita msitu wa mikaratusi, tukafika kwenye shule ambako tulipangiwa kupumzika na kula. Nikaingia barazani, nikasimama pembeni na kuinamisha macho ili mama apite kwanza.

Aliyepita alikuwa mwanamke wa kigango kingine kabisa, kijana, mnene, amevaa yeboyebo za kijani. Akanishukuru. Akasema alikuwa ananifuata mimi tangu ile mvua ya mawe kwa sababu naonekana najua njia.

Nilimtafuta mama mkwe kwenye baraza yote, uso baada ya uso, bila adabu yoyote, nikafunua mpaka vitenge vya wanawake wasionihusu. Hakuwepo. Wa mwisho kufika walisema walidhani wao ndio wa mwisho. Nikarudi nilikotoka mbio, kama mbio zinawezekana kwenye matope yale. Nilianguka, nikainuka, nikaanguka tena. Nilikuwa naona uso wa mke wangu akiniuliza, mama yuko wapi, na mimi najibu, sijui, sikugeuka.

Nilimkuta ukingoni mwa mikaratusi, amekaa kwenye tuta la mtaro, fimbo imevunjika, yeboyebo moja haipo. Mguu wa kushoto, ule uliokuwa mzima, ulikuwa umegeuka kwenye kifundo na kuvimba kama kiazi. Aliteleza mtaroni wakati ule wa mvua ya mawe, wengine wakampita bila kumwona maana kila mtu alikuwa amejifunika kichwa. Alijivuta mwenyewe mpaka juu. Kitenge kilikuwa kimemwanguka, na nikauona uso wake. Ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Alikuwa anatetemeka kwa baridi.

Nilikuwa nimetishika, na mimi nikitishika nakuwa mkali. Nikamwambia, moja kwa moja, bila mtu wa katikati, "Mama, kwa nini hukuniita?"

Akaitafuta ncha ya kitenge, akajifunika, akatazama upande wa migomba.

"Nilikuona ukienda," akasema. "Nilikuona mgongo mpaka ukapotea. Ningekuitaje?"

Mama mkwe hamtaji mkwe wake kwa jina, hata nyumba ikiungua. Angeweza kusema "baba wa mjukuu wangu", na baadaye aliniambia alisema, lakini kwa sauti ya kumwambia mtu aliye karibu, kwa sababu kupaza sauti nyuma ya mkwe barabarani ni aibu. Alikaa pale, mimi ninaondoka, na heshima ikamfunga mdomo. Nilijiona mjinga wa kupigwa viboko. Na yeye nilimwona mjinga pia, nisiseme uongo.

Pikapu ikafika, katekista ameketi mbele na dereva. Walikuwa wamesikia. Katekista ni mtu mpole, alishuka na mwavuli uliovunjika mbavu, akachuchumaa kwa mbali kidogo, akamwambia kwamba Mungu anaangalia moyo, kwamba padri ametoa ruhusa wagonjwa wapande, na kwamba nadhiri yake imeshahesabiwa kwa hatua alizokwisha kutembea. Alizungumza vizuri sana. Hata mimi Mlutheri nilishawishika. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akasema hapandi.

"Mguu huo hautembei, mama," nikasema.

Akaanza kukamua maji kwenye ncha ya kitenge.

"Mama, panda gari. Tumelowa, mguu umevimba, tutakuja mwakani wakati wa kiangazi."

"Mwakani," akasema, kama mtu anayeonja chakula kilicholala. Kisha akauliza, bado ameangalia migomba, "Mke wako analala?"

Ningeweza kudanganya. Lakini katekista alikuwa ananitazama, na mvua, na ule mguu.

"Halali," nikasema.

"Basi."

Hapo nilishikwa na hasira ambayo hata sasa sijui ilikuwa ya nani. Nilitaka kumnyanyua kama gunia na kumtupa kwenye pikapu, na nisingeweza, maana mikono yangu haikuwa na ruhusa ya kumgusa, na yeye alilijua hilo kama mimi. Katekista akasema yeye anaweza kumbeba. Mama mkwe akasema akibebwa hata hatua moja nadhiri imekufa, afadhali afie hapo mtaroni. Hakusema kwa kelele. Alisema kama anayetaja bei ambayo haipungui.

Halafu akaniambia, "Geuka."

"Niende wapi, mama?"

"Geuka, nipe mgongo."

Nikageuka. Nikasikia anajikongoja nyuma yangu, anashika mti, anapumua kwa nguvu. Kisha mkono ukatua kwenye bega langu la kulia. Ulikuwa wa baridi. Katekista alitazama chini. Naamini hata yeye aliona kama ameingia chumba kisicho chake.

"Twende," akasema. "Polepole. Mimi natembea mwenyewe, wewe ni fimbo."

Nikawa fimbo. Tulikwenda hivyo, mimi mbele na yeye nyuma amenishika bega kama kipofu na kiongozi wake, hatua ndogo, kituo, hatua ndogo, kituo. Nilimvulia buti moja la mguu wa kulia akalivaa, nami nikatembea na mguu mmoja pekupeku. Pikapu ilitufuata kwa muda kisha ikachoka, ikaenda. Kundi zima lilikuwa limetuacha. Na kwa kuwa hatukuwa tunatazamana, tukaanza kuzungumza. Sikupanga, wala yeye. Nadhani mtu akishakushika bega saa nzima, kunyamaza nako kunakuwa kazi.

Alianza yeye. Aliniuliza migomba yangu imepona mnyauko. Nikamwambia nilikata na kufukia shina kwa shina. Akasema mumewe alipong'oa migomba ya kibanja chao alikuwa analia kama mtoto, na hakuna aliyemwona ila yeye. Kisha akasema, "Ulipokuja kuposa, nilikukataa."

"Nilisikia, mama."

"Nilisema huyu Mlutheri atamfanya mwanangu asahau rozari."

"Hajasahau. Ameitundika juu ya kitanda, inanipiga kichwani kila nikiamka."

Mkono ukatikisika begani. Nilichelewa kuelewa kwamba alikuwa anacheka.

Aliniambia mke wangu alivyokuwa mdogo, alivyokataa kula panzi wa senene mpaka wakatwe vichwa na yeye mwenyewe, alivyojificha kwenye kichanja cha kahawa siku ya chanjo. Nilikuwa nimeishi na mke wangu miaka mingi na sikuwa nayajua. Nilijisikia vizuri, nilowe nisilowe. Na kila mara alipokanyaga vibaya nilisikia vidole vikizama kwenye nyama ya bega langu, hasemi kitu, na mimi nikawa nasimama kabla hajaomba. Nilianza kumpenda mama yule. Nalisema bila kuona haya, ingawa kwa Kinyambo, lugha yetu, nisingejua nilisemeje.

Tuliingia Omurushaka jioni, maduka yakifungwa, na watu wakasimama kututazama. Mzee mmoja mlangoni mwa ghala la kahawa alimuuliza katekista, aliyekuwa anatusubiri hapo, kama mimi ni mwana wa yule mama. Katekista akasema ni mkwe. Mzee alitutazama mara nyingine, kisha akageukia ndani. Nilihisi mkono wa mama ukilegea begani, kama unataka kuondoka. Nikasema, bila kugeuka, "Shika, mama." Ukarudi.

Siku ya tatu mguu ulikuwa mbaya zaidi, na goti la kulia nalo likawa limekataa kwa kubebeshwa kazi ya mawili. Alifunga vyote kwa vipande vya kanga na kusema twende. Tulitoka mapema kuliko wenzetu, wakatupita wote, mmoja mmoja, wakitupa pole. Chini ya kilima kuna bonde, na bonde lile lilikuwa limejaa. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yamevuka barabara, yanakimbia. Vijana wa pale walikuwa wanavusha watu mgongoni kwa vijisenti, na kijana mmoja akaja moja kwa moja kwa mama mkwe, akageuka na kuchuchumaa. Mama akamwambia kwa upole ainuke.

Nikaingia majini mimi kwanza, yeye nyuma yangu. Maji yakafika magotini, yakapanda. Katikati, mguu wake ukateleza, na mkono mmoja haukutosha. Alinishika kwa yote miwili, mabegani, kifua chake kikaegemea mgongo wangu, na tukasimama hivyo maji yakitusukuma, wala mimi sikuthubutu kupumua. Nilikuwa nawaza kitu kimoja, je, miguu yake iko chini? Kama imeinuka, nadhiri imekwisha. Naye aliwaza hilo hilo, maana alisema, "Nimekanyaga. Nimekanyaga. Nenda." Nikaenda.

Kilima chenyewe sikumbuki vizuri. Nakumbuka watu wakiteremka wakati sisi tunapanda. Misa ilikuwa imekwisha, padri ameshapanda gari lake, maturubai yanafungwa. Watu walitupisha pembeni, wengine wakaanza kuimba kwa ajili yake, na mama akaniambia kwa sauti ya chini niwaambie waache kelele, anahesabu pumzi. Sikuwaambia. Kwenye groto hapakuwa na mtu zaidi ya mama mmoja aliyekuwa anazima mishumaa ili ibaki ya kesho. Mama mkwe aliniachia bega hatua chache kabla ya kufika. Hatua hizo za mwisho alizitembea peke yake, na mimi nilisimama na mikono nimeinyoosha mbele kama mtu anayengoja mtoto anayejifunza kutembea.

Alipiga magoti kwenye maji ya mvua. Mimi nilisimama pale pale nilipo, maana mimi ni Mlutheri, lakini kofia niliivua. Hakusali kwa muda mrefu. Alisema asante kwa binti yake, asante kwa mjukuu wake, akasema ameleta alichoahidi. Nilingoja aseme na mengine, mvua, mguu, mtaro, kwa sababu mimi ningeyasema yote na kuomba nirudishiwe kitu. Hakuyasema. Alifanya ishara ya msalaba, akajaribu kuinuka, akashindwa. Akajaribu tena, akashindwa.

Ndipo akageuka. Hakukishika kitenge. Alinitazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, na macho yake yalikuwa mekundu na yametulia.

"Nimemaliza," akasema. "Sasa nibebe."

Nilisogea nikampa mgongo, nikachuchumaa. Akapanda taratibu, akanizungushia mikono shingoni, nami nikainuka naye. Hakuwa mzito. Nilianza kuteremka kilima nikilia waziwazi, na waliokutana nasi njiani walituona hivyo, mkwe amembeba mama wa mkewe, na sikujali mmoja wao. Pikapu ilikuwa mbali chini, kwenye barabara.

"Mpigie mwanangu," akasema sikioni mwangu. "Mwambie sasa alale."

Nikamwambia asubiri tufike chini, kwa kuwa mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika miguu yake.